Chumvi ya Bi Sikuzani

Kila asubuhi ya masika, baada ya sala ya alfajiri, Mardhiya alijitanda kanga akateremka mtoni. Alikuwa na miaka kumi na miwili mwaka ule wa 1953, na kazi hiyo ilikuwa yake peke yake. Pale Kerege, barabara ya kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam ilikatwa na mto mdogo wenye daraja la magogo. Kando ya daraja baba yake, Bwana Msabaha, alikuwa amechimbia mti wenye alama ya chokaa. Maji yakiwa chini ya alama, Mardhiya alirudi nyumbani akatundika kitambaa cheupe kwenye mlingoti ulio kando ya barabara. Yakiipita alama, alitundika chekundu, na lori la baba yake lilisubiri.

Bwana Msabaha alikuwa na lori moja tu, lakini watu walimwamini. Jumatatu alipeleka mbata, zile nazi kavu za wakulima, Jumatano chumvi na mikeka, Jumamosi alileta bidhaa za wenye maduka. Alipanga mapema nani alete mzigo lini, upi upakiwe kwanza na upi ufunikwe turubai. Dereva wake, Seleman, hakuanza kuteremka kabla ya kutazama mlingoti. Mteremko wenyewe ulikuwa wa udongo unaoteleza. Lori lenye mzigo likishaanza kushuka, halikusimamishika.

Jumatano moja Mardhiya aliwakuta wenzake njiani wakicheza mdako.

"Karani wa mto huyo!" Ashura alimtania. "Kimbia ukayapime maji, yasije yakatoroka!"

"Mwache aende," akasema mwingine. "Anaogopa kufungwa kama jana."

"Nani aliyenifunga? Hebu sogea!" Mardhiya akakaa chini, akaokota vijiwe.

Jana yake maji yalikuwa machache, na usiku hapakunyesha pale kijijini. Hakujua kwamba mvua kubwa ilikuwa imenyesha huko juu, mto unakotoka. Aliposikia mngurumo wa lori alishtuka, akakimbia nyumbani, akatundika kitambaa cheupe. Seleman alimpungia mkono akapita.

Mara kikasikika kishindo, kisha watu wakipiga kelele. Kabla baba yake hajatoka ghalani, Mardhiya alishusha kitambaa cheupe akatundika chekundu.

Lori lilikuwa limelala ubavu ndani ya mto uliofurika. Seleman alitolewa akiwa hai, lakini mkono umevunjika. Mikeka iliopolewa ikaanikwa. Makanda arobaini ya ukili yaliyojaa chumvi, mali ya mjane mmoja wa Bagamoyo, Bi Sikuzani, nayo yalitolewa majini. Yalikuwa mepesi, yanachuruzika. Ndani hamkuwa na kitu.

"Nilikiona cheupe, bwana," alisema Seleman, ameketi matopeni.

Bwana Msabaha alinyoosha kidole juu. "Na kile pale ni rangi gani? Miaka sita tuko pamoja, Seleman, leo unanidanganya mchana kweupe?"

Seleman alikitazama kitambaa chekundu kwa muda mrefu. "Basi labda ni macho yangu," akasema taratibu.

"Kama ni macho, mizigo ya watu huwezi kuiendesha tena."

Mardhiya alikuwa amesimama karibu yao. Alisikia kila neno, akanyamaza.

Alasiri Bi Sikuzani alifika. Hakupiga kelele. Alilichukua kanda moja, akalikamua, akaonja maji yaliyobaki mkononi.

"Kiangazi kizima nimechota udongo wa chumvi, nikauchuja, nikachemsha," alisema. "Bwana Mwinyijuma, yule muuza ng'onda, samaki wa kukaushwa, wa Dar es Salaam, aliniambia chumvi ikifika leo kama tulivyoahidiana, samaki wake wote atawatia chumvi yangu kila mwaka. Leo ndiyo hii. Na majangwa ya chumvi ninakochota udongo huo yote sasa yamefunikwa na maji ya mvua. Nitachemsha nini?"

Siku mbili Mardhiya hakuweza kula. Ijumaa, wakati wa magharibi, alisimama nyuma ya mama yake kusali. Alipofika pale mja anapomwomba Mungu amwongoze njia iliyonyooka, ulimi ukawa mzito. Sala ilipokwisha alimwendea baba yake, aliyekuwa bado ameketi juu ya mkeka wa kusalia na tasbihi mkononi.

"Baba, Seleman hakukudanganya. Nilitundika cheupe bila kwenda mtoni. Halafu nikakibadilisha."

Bwana Msabaha aliacha kuhesabu tasbihi. Kisha akainuka. "Vaa viatu. Utayasema hayo mbele ya Seleman."

Seleman aliposikia, alijifunika uso kwa mkono wake mzima, akalia. "Siku mbili hizi," alisema, "nimekuwa nikitazama vitu huku nikijiuliza kama kweli naviona."

"Nisamehe, ndugu yangu," akasema Bwana Msabaha. "Nimekuhukumu kabla ya kuuliza. Ukipona, usukani ni wako."

Kesho yake Mardhiya alikwenda Bagamoyo na baba yake, akaungama mbele ya Bi Sikuzani. Kutoka huko Bwana Msabaha aliendelea hadi Dar es Salaam, akamweleza Bwana Mwinyijuma kwamba kosa lilitoka nyumbani kwake, si kwa yule mjane. Mfanyabiashara huyo alikuwa ameshanunua chumvi kwingine, lakini alikubali kumngoja Bi Sikuzani mpaka kiangazi kijacho. Bwana Msabaha aliahidi kuibeba chumvi hiyo bila nauli, na Mardhiya akapewa kazi ya kumchotea udongo na kumtafutia kuni kila shule inapofungwa.

"Nimemsamehe mtoto," Bi Sikuzani alisema. "Lakini mwaka huu nitafunga mkanda."

Mardhiya aliyaweka moyoni maneno hayo. Baba yake aliporudi kutoka Dar es Salaam, alimwuliza, "Baba, Mungu atanisamehe?"

"Mwombe, Yeye ni mwingi wa rehema," alijibu Bwana Msabaha. "Lakini nisikilize, mwanangu. Mwenye mzigo hasafiri nao. Anatukabidhi sisi, anarudi kwake, analala akijua yuko mtu anayekesha badala yake. Hiyo ni amana. Ukisema umeona, basi uwe umeona. Na ukikosea, sema saa ile ile, kosa lako lisije likabebwa na mwingine."