Jillo Hanywi kwa Watu

"Jillo, maziwa yako haya."

"Ngoja nitoe kikombe changu."

Arafa akabaki na kibuyu mkononi. Mara ya ngapi hii? Mchumba wake ameketi mlangoni kwa baba yake Arafa, hapa Garsen, posa imeshapokelewa, harusi inangoja mvua ziishe tu, na bado anatembea na kikombe cha bati mfukoni kama mtu anayeogopa kutiliwa sumu!

Jillo akakinga kikombe, akanywa, akaaga. Kazi yake ilikuwa kuswaga ng'ombe wa wafanyabiashara. Kijana mrefu, mpole wa maneno, na alipokuja alisema yeye ni Muorma wa upande wa Chewele. Hakuna aliyemuuliza zaidi, mpaka shangazi Maryan alipoanza.

"Arafa, mwanamume asiyegusa chombo cha ukweni ana mke mahali. Amelishwa yamini asinywe kwingine."

"Shangazi, acha."

"Niache? Na huko Minjila anafuata nini kila Ijumaa? Ng'ombe hawauzwi Ijumaa."

Maneno yakamwingia. Ilikuwa miaka ile ya hali ya hatari, watu wakitazamana kwa jicho la pembeni. Mgeni akinyamaza aliitwa jasusi wa serikali, akisema sana aliitwa mla kiapo cha waasi. Arafa hakujali serikali wala kiapo. Yeye aliogopa mwanamke.

Ijumaa akajitanda ushungi, akamfuata mchana kweupe.

Mwanamke kweli alikuwepo, ila alikuwa mzee. Aliketi mbele ya kibanda cha majani, pembeni kabisa mwa Minjila, kati ya watu ambao Arafa aliwajua kwa kuwaona kwa mbali: Wawata, wawindaji, ambao Waorma waliwahesabu kuwa watu wao wa kutumwa, na nyuma ya migongo yao wakawaita wala nyama ya viboko. Bibi yule akanywa maji katika kata, akampa Jillo. Jillo akanywa kata ile ile, hata hakuifuta.

Arafa akatoka kichakani alimojificha, amewaka moto.

"Kwa hawa unakunywa! Sisi kwetu ndio najisi?"

Kata ikamponyoka Jillo.

"Arafa... huyu ni mama yangu. Anaitwa Tuneya."

"Mama yako yuko Chewele!"

"Sina mtu Chewele. Mimi ni Mwata."

Arafa akaitazama kata pale chini.

"Na kikombe?" akauliza.

"Unajua mwenyewe. Chombo alichonywea Mwata, kwenu kinatupwa. Nilijua siku moja baba yako atanigundua. Sikutaka mama yako apoteze chombo hata kimoja kwa ajili yangu."

Ni kweli, alijua. Utotoni aliwahi kutumwa kukitupa kibuyu mtoni, akakitupa, wala hakuuliza kwa nini. Aibu ikampanda. Lakini shaka nayo ikapanda, tena ikaipita aibu.

"Ulinitaka mimi, Jillo, au ulitaka kuwa Muorma?"

Jillo akachelewa kujibu. Kule kuchelewa kukamuuma Arafa vibaya sana.

"Mwanzo nilitaka vyote viwili. Sasa nakutaka wewe."

"Nitaaminije? Umenidanganya tangu siku ya kwanza."

"Jumatatu kuna baraza. Watu wangu wanataka kuitwa kwa jina lao, na wapate mzee wao wa kuwasemea kwa serikali. Ndiyo shughuli inayonileta huku kila Ijumaa. Mama ndiye atakayesema."

"Na wewe siku hiyo utakaa wapi?"

Jillo akainama kuiokota kata.

Jumatatu Arafa akaketi upande wa wanawake, macho kwa Jillo. Amekaa wapi? Mbele, amevaa kanzu nyeupe, bega kwa bega na Godhana, baba mkwe. Mwongo mkubwa, Arafa akajisemea, na roho ikamuuma kwa sababu bado alimpenda.

Bwana Disii, Mzungu mkuu wa wilaya, akasema yake kwa Kizungu, na Komora mkalimani akapaza sauti:

"Waorma wakae mbele. Watu wao nyuma."

Bibi Tuneya akainuka kule nyuma.

"Watu wao? Sisi tumezaliwa na mama zetu! Tuna jina, tunaitwa Wawata, na tunataka mzee wetu wenyewe."

Komora akamgeukia Mzungu, akatupa maneno mawili matatu. Mzungu akacheka. Wazee wa mbele nao wakacheka, na Jillo akainamisha kichwa.

Kisha akasimama.

"Mkalimani, hukufasiri alivyosema mama."

"Mama yupi?"

"Mama yangu."

Kicheko kikakatika.

"Yupi huyo, Jillo? Wewe si mkwe wa Godhana?" Komora akauliza.

"Huyo aliyesimama. Ndiye aliyenizaa. Mfasirie Bwana Disii yote aliyosema, la sivyo tutatafuta anayeweza."

Komora akafasiri, jasho likimtoka. Safari hii Mzungu hakucheka. Akasema atalifikiria.

Godhana tayari alikuwa wima.

"Posa nimeivunja! Binti yangu haolewi na Mwata!"

"Nimesikia, baba," Jillo akasema. Akaenda nyuma, akakaa na mama yake.

Hapo Arafa akainuka. Akapita katikati ya wanaume, jambo ambalo hakuna msichana aliyewahi kulifanya barazani.

"Arafa! Nyumbani!" baba yake akafoka.

Hakugeuka. Akasimama mbele ya bibi.

"Baba amevunja posa ya mwanao. Nimekuja kuleta yangu."

Shangazi Maryan akashika kichwa. Jillo akafungua mdomo, mama yake akamnyamazisha kwa mkono. Hakutabasamu yule bibi. Alimkagua Arafa juu mpaka chini, kama anayeuziwa kitu kibovu.

"Leo una moyo. Siku ukimkasirikia mwanangu, utamwitaje?"

Arafa akaelewa anachoulizwa: lile jina la nyuma ya migongo.

"Nitamwita Jillo."

"Na mimi?"

"Mama."

Bibi akaendelea kumtazama, bado hajaridhika. Kisha akasogea kidogo mkekani.

"Kaa basi," akasema. "Baraza halijaisha."