Mgeni wa Meza ya Dirishani

Mueni hakuwa mtu wa kula hotelini, na yeyote aliyemjua hapa Gongoni atakwambia hivyo hivyo. Kwake nyama ya hoteli ilikuwa ujinga wa watu wasio na jiko. Lakini mwaka ule wa themanini na sita mumewe, Musembi, alipandishwa akawa nyapara kwenye mashamba ya chumvi, naye alikuwa amemwahidi tangu uchumba kwamba siku atakayoacha kusukuma toroli atampeleka Malindi, kwa Mmarekani. Basi Jumapili moja baada ya kanisa wakavaa wakapendeza, wakaenda.

Pale kwa Mmarekani, Mmarekani mwenyewe hakuwepo. Alikuwa mzee mmoja aliyechoka na meli, akafungua baa yake nyuma ya soko, akaweka viti virefu, vitambaa vya meza vya miraba myekundu na santuri za magitaa ya kwao, kisha akarudi Amerika akafia huko. Jina likabaki, na jiko likabaki: nyama pana yenye mfupa iliyochomwa juu ya makaa, viazi vya kukaanga, na chupa ya sosi ya nyanya kila meza. Mhudumu aliitwa Randu, Mgiriama wa makamo, mtu mpole. Akawaweka meza ya dirishani.

"Utaimaliza hiyo kweli?" Musembi akamtania mkewe sahani zilipoletwa.

"Wewe kula yako. Yangu niachie mimi na Mungu wangu."

Wakacheka. Mueni alifurahi siku ile, na furaha ile aliistahili, maana maisha ya chumvini hayakuwa ya mchezo.

Hapo akaingia mzee mmoja. Shati jeupe, vifungo mpaka shingoni, viatu vinang'aa, na katika joto lile la adhuhuri hakuwa na hata tone la jasho. Baa nzima ikanyamaza. Watu wakainamia sahani zao. Mzee akapita meza moja baada ya nyingine, akisimama kidogo kila mahali, na hakuna aliyemwambia karibu. Hakuna hata aliyeinua macho.

Sasa mnajua watu wa bara wanavyosemwa huku pwani, ati hawana adabu, wanakula na mgeni amesimama. Mueni alikuwa amesemwa hivyo bombani mpaka akachoka, na alikuwa amejifunza. Mzee aliposimama kando ya meza yao, akaona aibu kwa niaba ya watu wote mle ndani.

"Shikamoo, mzee. Karibu chakula."

Kwa ada, mtu hujibu "Asante, endeleeni," akaenda zake. Huyu akavuta kiti.

"Marahaba," akasema taratibu. "Nimekaribia."

Akala katika sahani ya Musembi. Alikula kwa mkono, polepole, kwa heshima zote. Akatafuna mpaka mfupa, na mfupa haukulia. Mueni akamsogezea kikopo cha chumvi. Mzee akakirudisha kwa mgongo wa mkono.

"Hiyo mniwie radhi." Kisha akamgeukia Musembi. "Umenilisha. Nami nitakulisha. Utakuja lini kwangu?"

"Nitakuja tu, mzee," Musembi akasema. "Hata Jumapili ijayo."

Si ndivyo tunavyosema sote? Unasema upate kuachana na mtu kwa wema. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akainuka, akatoka.

Mueni akatazama sahani ya mumewe. Nyama ilikuwa nzima, haijaguswa. Akaonja kipande. Hakikuwa na ladha yoyote, kama kutafuna kitambaa kilichofuliwa.

Randu akaja kufuta meza. Akanong'ona bila kuwatazama.

"Mama, kwa nini umemkaribisha?"

"Ni nani?"

"Jina lake hatulijui. Yeye hamgusi asiyemkaribisha, ndiyo maana tunainama. Sasa sikia. Jumapili usimwache mumeo. Kabla ya adhana ya adhuhuri mlishe chakula cha chumvi kwa mkono wako. Akila chako, cha yule hakitapita."

Musembi alicheka njia nzima mpaka Gongoni. Mueni hakucheka. Hakuwa na mtoto, hakuwa na mama, alikuwa na Musembi tu.

Jumapili ilipofika hawakwenda kanisani. Mueni alifunga mlango kwa kufuli, akaficha ufunguo kifuani. Akasonga ugali, akapika samaki, akatia chumvi mpaka mchuzi ukawa mkali.

"Kula, baba."

"Ngoja ninawe."

Akanawa. Akanawa tena. Akanawa mpaka Mueni akamnyang'anya birika. Kisha akaketi, lakini aliugeuzia ukuta uso.

Adhana ikalia.

"Shikamoo, mzee," Musembi akauambia ukuta. "Nimekuja."

Akanyoosha mkono hewani. Akamega. Akatia kinywani. Akatafuna.

Mueni akamrukia na tonge la ugali. Midomo ikagoma kufunguka. Akasukuma. Akalia. Akamwomba kwa Kikamba, akamwomba kwa Kiswahili, ugali ukamwagika kifuani mwa mumewe, naye akitafuna tu. Mwishowe alijilamba vidole.

"Asante. Nimeshiba."

Hakusikia njaa tena. Alikwenda kazini, alisalimia watu, alitania, ila kila sahani aliisukuma kwa upole: nimeshiba. Daktari alimpima asione ugonjwa. Suruali zikamtoka kiunoni. Mueni alimpikia alfajiri, mchana, jioni, na chakula chote kikaishia kwa kuku.

Alasiri moja, akiwa kitandani amebaki mifupa, Musembi alimshika mkono.

"Mueni. Kule tunakula vizuri. Ila wanakuulizia."

"Nani?"

"Wote pale mezani. Wanasema, aliyekaribisha ni mke, mbona tumeletewa mume?"

"Ukawaambia nini?"

Musembi aliugeukia ukuta. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona haya.

"Nimewaambia utakuja."

Jua lilipozama alikuwa amekwisha kukata roho.

Usiku ule na kesho yake kutwa, wakingoja gari la kumpeleka Kitui, jirani yao Mahfudha hakubanduka ubavuni mwa Mueni. Alimshika alipolia, akamlaza alipochoka. Hakumwona akitia hata maji kinywani. Jioni akamletea wali, akamsihi ajitahidi.

"Sina njaa, dada," Mueni akasema.

Mahfudha akamshika mkono wa kulia ili amwekee tonge kiganjani, kisha akauachilia upesi. Vidole vyote vitano viling'aa kwa mafuta ya nyama, na mafuta yalikuwa bado ya moto.