Foleni ya Printa ya Getini

Saa saba na nusu mchana. Chumba cha nyuma ya kinyozi, mlango una komeo. Wanaume watatu, kompyuta moja.

Mkubwa aliweka bastola mezani, kisha mpango. Lori liko ndani ya ghala, linapakiwa nyaya za shaba. Mpakiaji ameshalainishwa. Kilichobaki ni kibali cha kutoka, nacho lazima kitoke kwenye printa ya walinzi.

"Karatasi ya mkononi hawaipokei," alisema. "Ikitoka kwenye mashine yao, wanaiamini kuliko mama zao."

Fundi alikuwa na nywila ya msimamizi wa kompyuta za ghala. Angeingia kwenye seva yao akiwa hapahapa, kana kwamba amekaa ofisini kwao. Dereva wa lori alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake. Fundi ndiye aliyemleta kwenye kazi.

"Mambo yakiharibika?" aliuliza.

"Namwambia aruke, akimbie," Mkubwa alijibu. "Simu ninayo mimi."

Saa nane. Fundi akaingia, akabonyeza. Printa ndogo kando ya ndoo ya taulo ikakohoa, ikatema kibali. Humohumo chumbani.

"Tunajiandikia barua?" Bubu aliuliza. Walimwita Bubu kwa kuwa hajui kunyamaza.

"Nimeingia na printa yetu mgongoni," Fundi alisema. Akatoka kwenye seva, akaondoa alama inayoiruhusu printa ya huku, akaingia upya. Akachagua ya getini. Akabonyeza.

Kimya.

"Hapa hakijatoka kitu," Shemeji alisema kwenye simu ya Mkubwa, iliyowekwa spika. Injini ilinguruma nyuma yake.

"Bonyeza tena," Mkubwa akasema.

"Kiko kwenye foleni, Mkubwa. Kimekwama."

"Nimesema bonyeza."

Akabonyeza. Mara mkono wa Mkubwa ukaja wenyewe, ukabonyeza na kubonyeza kama mtu anayeita lifti. Haraka haina baraka, lakini nani amwambie mwenye bastola?

Foleni ikawa na vibali sita, vyote vimesimama. Fundi akajaribu kuvifuta. Seva ikaandika kwamba inavifuta, vikabaki palepale. Hapo akajua. Printa ilikuwa nzima. Kilicholala ni huduma ya uchapaji ndani ya seva.

"Naizima, nasafisha foleni, ndipo naiwasha. Nipe dakika mbili. Nisiposafisha, vitatoka vyote."

"Lori liko mbele ya kizuizi. Washa."

Fundi angeweza kubisha. Hakubisha. Akaizima, akaiwasha. Kwenye kioo cha kompyuta, foleni ikapungua kimoja kimoja mpaka ikaisha.

Simuni wakaisikia printa ya getini. Ilianza, ikaendelea.

"Kaka," sauti ya mlinzi, "vibali sita, lori moja. Zima gari kwanza."

Shemeji alicheka kidogo. "Mashine hizi, mzee, zina visa." Kisha chinichini: "Shem? Nifanye nini?"

"Mwambie akimbie," Fundi akasema.

Mkubwa aliitazama simu. "Akikimbia, watamwaga watu mtaani kutusaka. Akikaa, watahangaika naye. Sisi tunapata nafasi."

"Ulisema..."

"Nilisema."

Akakata simu. Akachomoa laini, akaivunja kwa meno. Bubu akafungua mlango. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Fundi alingoja uchungu uje. Haukuja. Alitoka kwenye seva, akafunga kompyuta, akachomoa waya wa umeme na kuukunja vizuri, kama siku nyingine yoyote.

Saa tisa alikuwa kituoni akingoja basi la kwenda mbali. Dada yake akapiga.

"Mume wangu hapokei simu. Mko pamoja?"

"Hapana, dada. Leo sijamwona."

"Ukimwona mwambie asile njiani. Nimeshapika."

"Nitamwambia."

Basi likafika. Akapanda, akakaa upande usio na jua.