Mguu wa Kushoto

Pedali ya klachi ilishuka yenyewe. Ilishuka polepole hadi mwisho, ikatulia kidogo kama mtu anayevuta pumzi, kisha ikapanda. Injini ilikuwa imezimwa na ndani ya gari hamkuwa na mtu.

Mama Gia, aliyekuwa ameinama mlangoni akichungulia chini ya usukani, alijifuta jasho kwa mkono wa ovaroli. "Hewa kwenye paipu," akajisemea, maana fundi akikosa jina la ugonjwa huanza kuogopa.

Lilikuwa gari la mbio la zamani, jekundu, la milango miwili, limelala chini kama paka anayevizia. Daktari wa meno aliyelileta alikuwa amelinunua kwa warithi wa dereva mmoja wa mashindano. Malalamiko yake yalikuwa mafupi: ukikanyaga mafuta, injini inanguruma kama simba, gari linakwenda kama konokono. Asubuhi Mama Gia alilijaribu barabarani. Kweli, klachi ilikuwa inateleza, na pedali mara ngumu, mara laini kama sponji. Magonjwa mawili, mgonjwa mmoja.

"Tuanze kwa kutoa hewa," alimwambia mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa mwanamume mzima mwenye ndevu, lakini mtaa mzima ulimwita Domo kwa sababu hakujaliwa breki ya mdomo. Wazazi wao walikwisha kufa. Dada na kaka walibaki wawili, na karakana.

Domo alikaa kwenye kiti cha dereva. Mama Gia akajipenyeza chini ya gari na spana yake.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga, bosi wangu!"

"Achia!"

"Nimeachia!"

Mafuta yalitoka meusi, halafu mazito, halafu yenye joto. Mama Gia alitazama mkono wa chuma unaosukuma klachi. Haukurudi.

"Domo, nimesema achia."

"Nimeachia, dada."

"Mbona bado umekanyaga?"

Domo si mtu wa kunong'ona. Sasa alinong'ona: "Dada, miguu yangu yote miwili iko nje ya mlango. Itazame."

Mama Gia aligeuza shingo akaviona viatu vya mdogo wake, vyote viwili, chini kando ya gurudumu. Kisha kile cha kushoto kilinyakuliwa juu, kama samaki aliyenasa ndoana, na Domo akapiga yowe.

Mama Gia alitoka akamshika makwapani, akavuta kwa nguvu zake zote. Mguu ulipochomoka, kifundo kilikuwa na alama nyeusi za vidole, virefu kuliko vya binadamu.

"Turudishe hili gari," Domo alinong'ona.

"Na akipanda yule daktari, je? Au mkewe?" alijibu dada yake. "Kaa pembeni. Nalifungua."

Aliteremsha giaboksi peke yake, akafungua bolti za klachi. Klachi iliyoungua ina harufu yake, kila fundi anaijua. Hii ilinuka nywele na nyama. Akatoa pleti, sahani ya chuma ya klachi, akaigeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Haikuwa imelika hata kidogo. Ilikuwa imelowa, ndiyo maana ilikuwa inateleza, na kilichoilowesha hakikuwa oili. Ilikuwa damu mbichi, na kila alipoifuta kwa tambara ilichuruzika tena.

Nyuma yake Domo alicheka, kwa sauti ambayo haikuwa yake.

"Shangazi!" Mama Gia aliita. "Shangazi, njoo!"

Shangazi yao aliishi nyumba ya nyuma ya karakana, na alikuwa mwanamke ambaye watu walimletea wagonjwa walioshindikana hospitali. Alikuja mbiombio na chetezo cha ubani. Domo akamrukia. Alimwinua yule mama wa watu kwa mkono mmoja, akambamiza kwenye kabati la vifaa, mfupa wa mkono wake ukalia kama kuni kavu, spana zikamwagika, damu ikamtiririka puani, na bado shangazi hakukiachia chetezo, akakisogeza mpaka moshi ukamwingia Domo machoni, naye akaanguka chini akigaragara.

"Wewe ni nani?" shangazi aliuliza, akihema.

"Wa humo ndani," kilisema kinywa cha Domo. "Dereva aliniahidi mguu wake wa kushoto, nimpe ushindi. Nilimpa. Akafa kitandani na miguu yake yote miwili. Nataka mguu."

"Aliyeahidi ni maiti."

"Basi nauchukua huu. Na moshi wako nitaulipiza."

Shangazi alimgeukia Mama Gia. "Vunja hicho chuma, mwanangu. Ndiyo nyumba yake."

Mama Gia aliiweka pleti juu ya fuawe, akainua nyundo kubwa, akapiga. Pleti ilipasuka; na mguu wa kushoto wa Domo ukapasuka pamoja nayo, chini ya goti. Nyundo ikamlegea mikononi. Hapo Domo alifumbua macho, macho yake mwenyewe, yamejaa machozi.

"Piga, dada," alisema taratibu. "Kinapanda. Kikifika moyoni nimekwisha. Piga!"

Akapiga, huku akilia, akapiga huku akimsikia mdogo wake aliyemlea akiita jina la mama yao, akapiga mpaka damu ikamrukia usoni na hakujua ni ya pleti au ya Domo, mpaka chuma kikatawanyika vipande, na upepo wa moto ukapita juu ya vichwa vyao ukavunja vioo vyote vya gari kwa mpigo mmoja.

Hospitali waliukata mguu. Shangazi alifungwa plasta, akarudi nyumbani kupumzika. Mama Gia alibaki kando ya kitanda.

Kesho yake alasiri muuguzi alikuja, uso umekunjamana. "Mama, mguu hauonekani. Mlinzi anasema ndugu yenu kauchukua. Aliingia akirukaruka kwa mguu mmoja. Kaondoka kwa miwili."

"Hatuna ndugu mwingine," Mama Gia alisema.

Domo aliamka. "Dada," aliita kwa sauti ndogo, "mguu wangu unatembea."

"Mguu haupo, mpenzi."

"Nausikia. Nakanyaga changarawe." Alifumba macho, jasho likimtoka. "Sasa ngazi. Sasa zulia, dada. Lile laini, la chumbani kwa shangazi."

Mama Gia alikuwa ameshafika mlangoni, anakimbia.