Siku Poli Alipopimwa

Stesheni ya Tabora ilifurika watu asubuhi ile. Treni ya kutoka Mwanza ilikuwa inaingia, wachukuzi wanagombea mizigo, kina mama wa karanga na asali wanakimbilia madirishani. Nestory, fundi cherehani wa mtaa wa Ng'ambo, alikuwa amefuata robota lake la vitambaa. Badala ya robota akamwona Advera, mwanamke anayempenda kuliko roho yake, amemshika mkono bintiye Poli wa miaka mitano. Na alivyopendeza! Gauni la kitenge cha manjano, mikono ya puto, kiuno kimebanwa sawasawa. Nestory alijua kila mshono wa gauni lile, maana alilishona mwenyewe, akaambiwa ni la Krismasi.

Akajibanza nyuma ya magunia ya mchele, akapiga simu.

"Mpenzi, uko wapi?"

"Niko nyumbani, nafua."

Treni ikapiga honi.

"Mbona nasikia treni?"

"Jamani Nesto, Tabora hii treni haisikiki wapi? Nitakupigia, mikono ina sabuni."

Akakata. Hapohapo akashuka Octavian wa Bukene, baba yake Poli, shati jeupe limenyooshwa, ndevu zimechongwa. Nestory alikuwa amemwona kwenye picha tu, na picha yenyewe ilishamnyima usingizi. Octavian na Advera hawakuwahi kufunga ndoa, na ni miaka mitatu tangu waachane. Sasa wanacheka mbele za watu! Wivu ulimpanda fundi wa watu mpaka masikio yakawa ya moto. Wale watatu walipopanda bajaji, yeye akadandia bodaboda.

"Ifuate ile! Usiipoteze!"

"Shemeji yupo mle, kaka?"

"Endesha!"

Bajaji haikwenda gesti kama moyo wake ulivyokuwa unamwambia. Ilisimama nyuma ya shule ya msingi, kwenye kituo cha kupima watoto wenye mahitaji maalumu. Mtu mwenye akili zake angegeuza. Nestory akaingia.

"Nesto!" Advera alishtuka. "Umefuata nini?"

"Nimekuja kuona unavyofua."

Kabla hajajibiwa, alitokea Mwalimu Bertila, mpimaji wa kituo, mama wa makamo mwenye miwani. Wote watatu wakamwamkia.

"Marahaba. Baba wa mtoto ni nani?"

"Mimi," akasema Octavian.

"Na huyu?"

"Tuko naye," Advera akajibu, macho chini.

Ndani, mambo yakawa wazi. Poli alikuwa hajasema neno hata moja tangu azaliwe, na mwalimu alikuwa ameagiza aletwe mtu anayekumbuka utoto wake. Advera miaka ile alikuwa chuoni Kahama, mtoto akalelewa na Octavian.

"Alikaa ana miezi mingapi?"

"Tisa."

"Kutembea?"

"Mwaka na miezi minane. Tulikuwa tunaanika mpunga, akainuka kumfuata jogoo."

Advera akacheka. Nestory akatamani yule jogoo angemdonoa mtu macho.

Kisha mwalimu akaweka kijiko na kikombe mezani, akamwita Poli kwa jina lake kamili. "Apolinaria, nipe kijiko." Poli akatazama dirishani. Akaitwa mara tatu, hakugeuka.

"Akitaka maji anafanyaje?"

"Analia," akasema Octavian, bila uhakika. Advera naye akaitikia kwamba analia.

Haikuwa kweli, na aliyejua ni Nestory peke yake. Kila siku Advera aliuza mchele sokoni tangu alfajiri. Poli alishinda chini ya cherehani ya fundi na kuchukuliwa jioni akiwa amesinzia. Yale aliyojifunza kwa mtoto, Nestory hakumwambia mtu. Alitaka awe na kitu cha kwake, ambacho Octavian hana. Basi akanyamaza, na kuona baba mtu anababaika kulimpa raha, wacha tuseme ukweli.

Mwalimu akashusha pumzi. "Darasa lina nafasi moja Januari. Wanamchukua anayeweza kuomba na kufuata hata agizo moja. Huyu nitaandika asubiri mwaka mwingine."

Advera akaanza kulia kimya kimya. Ile raha ikamgeukia Nestory, akaona aibu.

"Mwalimu, usiandike kwanza."

Akachuchumaa, akagonga meza mara mbili, akangoja. Poli akainua macho. "Kijiko," akasema Nestory, akanyoosha kiganja. Mtoto akakitia kijiko mkononi mwake.

"Jina lake haliitikii. Gonga, mngoje akutazame. Na akitaka maji halii. Anachukua mkono wako anauweka kooni kwake."

Mwalimu Bertila akajaribu mwenyewe. Akapewa kikombe. Akafuta majibu ya mwanzo kwenye karatasi, akaanza upya.

Nje, Advera alimvuta Nestory kando. "Ulijua, ukakaa kimya! Ulitaka mwanangu akose shule?"

"Nilimwonea wivu Octavian. Nilifanya vibaya, Advera. Nisamehe."

"Na mimi nilikudanganya kwa sababu naogopa huo wivu wako. Lakini mwalimu anataka baba arudi baada ya miezi mitatu, na atarudi kila mtoto akimhitaji. Utaweza?"

"Nitaumia," akasema. "Lakini nitakwambia naumia. Sitamwadhibu mtoto. Nataka nikuoe, nisiwe mtu wa kukuchungulia kwenye magunia."

"Kumbe ulikuwa kwenye magunia!" Akacheka huku anajifuta machozi. "Basi Jumamosi mtume mshenga kwa baba, kule kijijini Ntalikwa. Na umwambie baba anapenda kubembelezwa."

Nestory alitaka kuruka kwa furaha. Ndipo wakasikia kicheko. Octavian alikuwa amekaa chini anamvalisha Poli viatu, anampulizia nyayo kwa namna fulani, na mtoto anacheka kwa sauti, mwili mzima. Kicheko kile Nestory hakuwahi kukisikia, siku zote za chini ya cherehani.

"Advera, naumia."

"Nini tena?"

"Hajawahi kunichekea hivyo."

Advera akamsukuma begani taratibu. "Kamwulize anafanyaje."

 Nestory akaenda, akakaa chini kando ya Octavian. "Kaka," akasema, "hebu nionyeshe."