Mgonjwa Hewa

Saa saba mchana, ofisi nzima ikiwa imekwenda kula, mgonjwa ambaye hakuwahi kuzaliwa alifungua faili lake mwenyewe na kuandika: Nasikia baridi.

Mpimaji alidhani ni utani wa Kipara, fundi mwenzake wa meza ya pili. Hospitali kubwa ilikuwa imewapa wiki mbili waupime mfumo wake mpya wa mafaili: wauvunje kama wezi, kisha waseme wamepenya wapi, ili mianya izibwe kabla wezi wa kweli hawajafika. Walitengewa sehemu ya majaribio, iliyozungukwa na ukuta wa programu, mbali na mafaili ya wagonjwa halisi. Humo walimweka mgonjwa hewa, wapate faili la kuchezea.

Kazi hiyo ina sharti moja ambalo hata mwanafunzi analijua: mgonjwa hewa hutungwa mwanzo mwisho, hapewi chochote cha mtu aliye hai. Lakini Mpimaji alikuwa na haraka na fomu ilikuwa ndefu, akajaza tarehe ya kuzaliwa, kundi la damu na picha ya Kidoti, binti yake wa miaka saba. Ulikuwa uvivu mtupu, wala tusiutafutie jina la adabu.

"Acha mchezo na faili langu," alimwambia Kipara aliporudi.

"Faili gani tena? Mimi hata mikono sijanawa."

Simu ikalia. Alikuwa shangazi yake, aliyebaki nyumbani na mtoto. "Mwanangu, hebu rudi. Kidoti anatetemeka. Jua lote hili, nimemfunika mablanketi matatu."

Kesho yake faili liliandika: Sitaki chakula. Nyumbani, Kidoti alikuwa ameuma meno mbele ya kijiko. Mpimaji akalifuta faili, likarudi. Akalifuta tena, likarudi na harufu ya nywele zinazoungua, ikitoka kwenye kompyuta ambayo ukiigusa ilikuwa baridi kabisa. Kipara naye aliinusa, akabeba vitu vyake na kuhamia chumba kingine bila hata kuaga.

Shangazi alikuwa ametibu watu wenye majini tangu ujana wake, na hakupenda hata kidogo alichosimuliwa jioni ile.

"Umejenga nyumba, ukaipa sura na damu, ukaiacha tupu," alinong'ona, mkono juu ya paji la mtoto. "Ulitegemea ahamie nani? Sasa nisikilize. Mimi nitapambana naye huku. Wewe akikuomba kitu huko, usimpe."

"Hata akisema nini?"

"Hata akilia kwa sauti ya mwanao."

Mpimaji aliona aibu kuliko hata alivyoogopa. Alikubali kwa kichwa.

Siku ya tatu, mchana kweupe, alikuwa amekaa peke yake mbele ya skrini wakati vitufe vya kibodi vilipoanza kushuka na kupanda bila kidole, ta, ta, ta, polepole kama mtu anayejifunza kuandika, na ile harufu ikarudi, na kila herufi iliyotokea aliihisi kifuani kabla macho hayajaisoma: Humu mnabana. Nipitishe kwa wengine, nikuachie wako.

Wengine walikuwa ng'ambo ya ukuta, watu mia nne wamelala vitandani. Na jana yake tu Mpimaji alikuwa amegundua mwanya katika ukuta huo, ambao hakuwa amemwambia mtu.

Simu ikalia.

"Kucha zimekuwa za bluu," shangazi alisema kwa sauti ndogo. "Lakini namchosha, mwanangu, naona anachoka. Usifanye lolote. Nipe nusu saa tu."

Nyuma ya sauti yake pumzi za mtoto zilikwenda fupi fupi, moja, nyingine, kisha inayofuata haikuja.

Nusu saa! Nani angeingoja? Mpimaji aliandika mistari minne ya programu kuupitia ule mwanya, akabonyeza kitufe, na ukuta ukafunguka.

Kwenye simu mtoto alikohoa, akavuta pumzi ndefu, akalia kwa nguvu. "Nina njaa!"

"Katoka!" shangazi alipiga kelele. "Nimemshinda, mwanangu! Katoka mwenyewe!"

"Asante, shangazi," alisema Mpimaji, na akalia huku akicheka. Hakumwambia zaidi ya hapo. Kwenye skrini mafaili yalikuwa yakifunguka, moja baada ya jingine, bila mtu kuyagusa: mzee wa wodi ya pili, mama aliyejifungua asubuhi, mapacha wake wawili ambao walikuwa hawajapewa hata majina.

Kipara alichungulia mlangoni, asithubutu kuingia. "Wiki mbili zimekwisha, hospitali wanataka ripoti leo. Kuna mwanya wowote?"

Mpimaji alizima skrini.

"Hakuna," alisema. "Andika kwamba mfumo uko salama."