Ukanda wa Ngozi Ndani ya Landrova ya Nashoni

Mwaka 1956, mtama ulipokwisha kuvunwa, hapakuwa na boma lililopendeza hapa Kenyamonta kama la Nashoni. Ghala lilijaa, ng'ombe walirudi na viwele vizito, na katikati ya ua ilisimama Landrova ya kijani aliyoinunua kwa ng'ombe kutoka kwa mpima ardhi mmoja Mzungu aliyekuwa akihama. Aliitumia kupeleka ngozi na nafaka minadani. Jioni mkewe, Wegesa, aliketi mlangoni akichambua mboga, na moshi wa jiko lake ukapanda wima. Ndugu zangu, mngepita njiani mngesema: hawa wamebarikiwa.

Lakini Wegesa alikuwa mgeni hapa. Kwao ni Machochwe, karibu na mbuga, ambako mama yake Ghati, mjane, aliishi peke yake. Yeye na Nashoni hawakuwa wamejaliwa mtoto. Bomani mwa Nashoni mtu wa kuzungumza naye alikuwa mumewe tu, na mumewe alikuwa amepata rafiki mpya.

Rafiki huyo alikuwa redio. Nashoni aliileta kutoka Musoma, akaiweka ndani ya gari ili ipate nguvu ya betri. Waya wake ulipita juu ya boneti na kuingia dirishani. Kila jioni alijifungia mle akisikiliza sauti za Dar es Salaam na Nairobi. Majirani walikuja, wakasikiliza, wakaenda zao, yeye akabaki. Wegesa alimpelekea ugali, naye akaupokea bila kugeuka. Siku moja alimfuata amwambie kwamba ndama amezaliwa. Nashoni akainua kidole: ngoja, habari hazijaisha. Habari zilipokwisha ukaanza muziki. Wegesa akarudi zizini, akamweleza yule ng'ombe mwenyewe kwamba ndama wake ni mzuri.

Ndipo akaja Kisyeri, mtu wa Machochwe, akipitisha mbuzi wake. Alisema Ghati ni mgonjwa sana, hali chakula, na anaomba jambo moja tu: amwone binti yake, amwekee mikono kichwani na kumbariki kabla hajaondoka duniani. Wegesa alianza kufunga mzigo hapo hapo.

Nashoni hakuwa mtu mbaya, ndugu zangu. Alimpenda mama mkwe wake. Alitaka afike ukweni redio ikiimba, na aliona aibu kufika na waya unaoning'inia dirishani. Akasema ataupitisha ndani vizuri kwanza.

Fundi aliyemuuzia redio alikuwa amemwagiza mambo mawili. Tundu la kupitishia waya livikwe raba laini, ili makali ya bati yasiukate. Na karibu na betri iwekwe fyuzi, kile kijiwaya chembamba kinachokatika chenyewe umeme ukizidi, kabla moto haujaanza. Nashoni aliona hizo ni mbinu za wenye maduka. Alitoboa kwa msumari ule ukuta wa bati unaotenga injini na chumba cha dereva, akapitisha waya, na badala ya raba akaufunga kwa ukanda wa ngozi mbichi ya ng'ombe.

Mnajua kwa nini. Mpini wa jembe ukilegea, tunafunga ngozi mbichi. Kigoda kikipasuka, ngozi mbichi. Hufungwa ikiwa na maji, na ikikauka hubana kuliko msumari. Baba zetu hawakukosea. Ila baba zetu hawakufunga waya wa umeme kwenye makali ya bati.

"Twende hivyo hivyo," Wegesa alimsihi. "Mama hangoji redio. Ananingoja mimi."

"Ngozi ikauke kwanza," alijibu. "Ikitikiswa ingali mbichi italegea."

Zilikuwa siku za mawingu. Ngozi ilikawia kukauka.

Hatimaye waliondoka asubuhi moja, redio ikiimba, Wegesa amepakata kibuyu cha maziwa ya mgando, chakula alichokipenda mama yake. Walipokwisha kupita Mugumu, Wegesa akainua pua.

"Nashoni, kuna ngozi inaungua."

"Umetoka na jiko lako puani," akasema akicheka. "Nyuma tumepakia ngozi za mnadani. Ulitaka zinukie maua?"

"Za nyuma zinanuka. Hii inaungua."

Nashoni akaongeza sauti ya redio.

Haukupita muda redio ikanyamaza yenyewe, na moshi ukapanda miguuni mwake. Ukanda ule, kwa kukauka, ulikuwa umeuvuta waya mpaka ukalalia makali ya tundu. Mtikisiko wa njia ukasaga gamba lake hadi shaba ikagusa bati. Fyuzi ya kuukata umeme haikuwapo. Waya wote uliwaka mwekundu. Waliruka nje, Nashoni akamwaga mchanga, akapiga moto kwa shati lake, lakini petroli ilishika. Wakasimama mbali, wakaitazama Landrova ikiungua katikati ya nyika, pasipo mtu wa kuita.

Wegesa hakulia. Aliinua kibuyu chake, akaanza kutembea. Nashoni akamfuata. Tangu redio ifike kwake, hiyo ndiyo mara ya kwanza kutamani kuzungumza na mkewe, naye mkewe alitangulia bila kugeuka.

Walilala kwa watu wasiowajua, wakafika Machochwe kesho yake mchana. Kando ya nyumba ya Ghati udongo ulikuwa mbichi. Walikuwa wamemzika asubuhi ile.

Kwa desturi yetu mwanamume haingii nyumbani mwa mama mkwe wake. Nashoni alibaki nje, ameegemea ukuta, na kupitia ukuta ule alimsikia Mokami, jirani aliyemuuguza Ghati, akimweleza Wegesa.

"Kisyeri alirudi akatuambia mnakuja na gari. Basi kila gari lilipovuma kule njiani, alitaka tumkalishe. Anauliza, 'Ni wao?' Tunasema bado, mama. Jana tulitaka kumlaza, akakataa. Akasema, 'Msinilaze, wako karibu.' Alikufa ameketi, mwanangu."

Kisha Wegesa akatoka, akamwambia mumewe arudi nyumbani. Yeye atabaki pale na mama.

Nashoni alirudi kwa miguu, peke yake, akapita lile bati jeusi la Landrova, ambalo watoto wachungaji sasa hulipanda wakinguruma kwa midomo. Bomani alikuta jiko baridi.

Wakati wa palizi alikwenda tena Machochwe, kwa miguu, na jembe begani. Alipalilia shamba la marehemu hadi jua likakaza. Wegesa akamtolea kigoda nje, naye akaketi mbali kidogo.

"Yule ndama," Nashoni akasema, "alizaliwa siku gani? Sikukusikiliza."

Wegesa akamwambia.

Wegesa hajarudi Kenyamonta mpaka leo. Lakini Nashoni akienda kumwuliza jambo, anamjibu.

Mafunzo

Ndugu zangu, sisemi tuvikatae vyombo vipya. Nchi yetu itavihitaji sana, na natumaini siku itafika kila kijiji kiwe na gari la kuwabeba wagonjwa wake. Lakini chombo kipya huja na masharti yake. Tuyashike hata yakionekana madogo, na desturi njema ya kufungia jembe tuiache kwenye jembe.

Tumsikilize pia anayeishi nasi kabla ya sauti za mbali. Na mtu wako akikuita, nenda ulivyo. Hakungoji upendeze. Ameomba kukalishwa, anasikiliza njia.